Mbwa Wasingiziwao

Tumechoka kusikia habari za kisasi cha mbwa. Kila tukaapo barazani, likitajwa neno la mbwa, hapakosi mtu wa kutuambia ya kuwa mbwa wake ana kisasi, au ana wivu, au ana kiburi, au ni mkaidi asiye na shukrani. Tukimwuliza, "Amefanya nini?" hatuambii alilolifanya, bali hutupa jina jingine lililo zito kuliko lile la kwanza. Akisema ni mkaidi, nasi tukauliza ukaidi wake ni upi, atajibu, "Ana dharau yule." Tukiuliza dharau gani, atasema, "Ana roho mbaya." Hata mwisho twaondoka pale tumekwisha elezwa sana habari za roho ya mbwa, wala hatujui bado kama alitafuna kiatu, au alimwuma mtu, au alikataa tu kutoka uvunguni mwa kitanda.

Basi twataka kunena waziwazi, na wasomaji wetu watuwie radhi: majina haya hayatufai neno. Tena si kwamba hayafai tu, bali yanadhuru. Yanamdhuru mbwa, kwa kuwa hupigwa kwa ajili yake. Yanamdhuru mwenyewe, kwa kuwa humzuia asione kilicho mbele ya macho yake. Na kuna mahali ambapo humdhuru mtoto wa jirani, hata kumwua, hilo tutalifikia.

Tazameni kwanza jinsi jina linavyozunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Mtu aulizwa, "Kwa nini mbwa wako amemwuma mchukuzi wa maji?" Hujibu, "Kwa sababu ni mkali." "Nawe umejuaje kuwa ni mkali?" "Ajabu! Si amemwuma mchukuzi wa maji?" Amezunguka akarudi pale pale alipoanza, naye adhani amekwenda safari. Kama mgonjwa angemwambia tabibu, "Mwili wangu una joto," na tabibu akamjibu, "Ni kwa sababu una homa," kisha akamruhusu kwenda zake, tungesema tabibu huyo hajui kazi. Lakini twampa kila mwenye mbwa ruhusa ya kuwa tabibu wa namna hiyo.

Jina lipendwalo kuliko yote ni hatia. Mwenye nyumba hurudi jioni, akaona mto umeraruliwa, pamba imetapakaa sakafuni. Mbwa amejikunyata pembeni, masikio ameyalaza, mkia ameuficha baina ya miguu, macho ayakwepesha. "Mwaona?" asema bwana, "ajijua amekosa." Kisha huchukua fimbo, na moyo wake umetulia kabisa, maana adhani anamhukumu mkosaji aliyekwisha kukiri. Siku hizi watu huzipiga picha sura za namna hiyo kwa simu, wakazitembeza toka mji hata mji wapate kuchekeana.

Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Marekani, bibi Alexandra Horowitz, aliijaribu sura hiyo. Alichukua mbwa 14 pamoja na wenyewe. Kila mwenye mbwa aliweka kitoweo mbele ya mbwa wake, akamkataza asile, kisha akatoka chumbani. Akiwa nje, mara nyingine mbwa aliachiwa akala, mara nyingine kitoweo kiliondolewa asile. Bwana aliporudi aliambiwa, "Mbwa wako amekula," au, "Mbwa wako ametii". Wala hakuambiwa kweli kila mara. Aliyeambiwa kuwa mbwa wake ameasi alimkaripia, na aliyeambiwa kuwa ametii alimsalimu kwa furaha. Ikaonekanaje? Sura ile ya hatia haikuwafuata mbwa waliokula. Iliwafuata mbwa waliokaripiwa. Na waliojikunyata kuliko wote ni wale waliokaripiwa bila kula cho chote.

Na tulitafakari jambo hili kwa makini, maana ni zito. Tulilolidhania kuwa ungamo la mbwa ni jibu lake kwa uso wetu sisi. Asoma mabega yetu, sauti yetu, na jinsi tunavyoingia mlangoni, naye ajifanya mdogo ili dhoruba ipite. Hana habari ya mto. Huo mto aliurarua saa tatu asubuhi; sasa ni saa kumi na mbili jioni. Apigwapo saa hiyo, hafundishwi kuacha mito. Afundishwa ya kwamba bwana akirudi nyumbani kuna hatari, na kesho atajikunyata mapema zaidi, na bwana ataona "hatia" iliyo kubwa zaidi, naye atapiga zaidi.

Sasa na turudi kwenye mto ule. Asemaye, "Amenilipiza kisasi kwa kuwa nilimwacha," amefunga hesabu. Hakubaki kitu cha kuchunguza. Lakini huenda mkewe amekwisha ona, pasipo kutumia jina lo lote, ya kuwa mbwa hatafuni kitu wakiwapo nyumbani. Ya kuwa mlango wa mbele una makwaruzo ya kucha upande wa ndani. Ya kuwa jirani humsikia akilia punde tu wakitoka, wala si baadaye. Mwanamke huyo amefika nusu ya dawa. Mbwa huyu hawezi kuachwa peke yake. Yafaa azoezwe kidogo kidogo: bwana atoke kwa muda wa kufunga na kufungua mlango, arudi, atoke kwa muda wa kuteka ndoo moja, arudi, aongeze kadiri mbwa anavyotulia, tena amwachie mfupa wa kujishughulisha nao. Kazi hiyo huchukua majuma mengi. Fimbo huchukua dakika moja, na kwa hiyo ndiyo ipendwayo.

Watu wa elimu walilitambua kosa hili zamani. Huko Urusi, mjini St. Petersburg, Profesa Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya kumeng'enywa kwa chakula, aliona ya kuwa wasaidizi wake hawapatani walipoanza kusema, "Mbwa alitamani," "Mbwa alikisia," "Mbwa alitaka." Kila mmoja alikuwa na moyo wa mbwa wake mwenyewe kichwani. Basi akayapiga marufuku maneno hayo katika maabara, hata akaweka faini kwa atakayeyatumia. Wahesabu matone ya mate, na saa, na kengele, basi. Nasi twasema, kama faini hiyo ingetozwa barazani kwetu, kijiji kingejenga kisima kabla ya masika.

Na kabla yake, mwaka 1894, Mwingereza C. Lloyd Morgan, mwalimu wa huko Bristol, aliandika kanuni ambayo wachunguzi wa hayawani waikumbuka hata leo: tendo la mnyama lisielezwe kwa akili ya juu, ikiwa laweza kuelezwa kwa uwezo ulio chini yake. Yeye mwenyewe alikuwa na mbwa mdogo, jina lake Tony, ambaye alijua kufungua lango la bustani kwa kuinua komeo kwa kichwa. Mgeni aliyempita njiani angesema, "Mbwa huyu aelewa komeo ni kitu gani." Lakini Morgan alimwona tangu mwanzo. Alimwona akipenyeza kichwa hapa na pale baina ya vyuma vya uzio ili atazame barabarani, hata siku moja kwa bahati tu akakipenyeza chini ya komeo, likainuka, lango likafunguka. Ikachukua siku nyingi, na kupenyeza kichwa mara nyingi mahali pasipofaa, kabla hajaenda moja kwa moja kwenye komeo. Twaupenda mfano huu kwa sababu hapa jina lenyewe ni la sifa. Hata sifa yaweza kutupofusha. Amwitaye mbwa "mwerevu kama mtu" ndiye atakayemwita kesho "mwovu kama mtu," maana amekwisha mpa cheo cha kushitakiwa.

Kuna na jina jipya lililotujia kutoka ng'ambo, nalo limeshikwa sana na wale wajiitao mabingwa wa kufundisha mbwa wa ulinzi. Wasema mbwa ataka utawala. Akitangulia mlangoni, ataka utawala. Akilala kitini, ataka utawala. Akivuta kamba, ataka utawala. Dawa yake ni kumlaza chali na kumkaba hata akubali kuwa wewe ndiwe mkuu. Habari hii ina chanzo. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa-mwitu wa nchi za baridi (si wale wenye madoa wa nyika zetu) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliwaona wakipigania ukubwa. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech aliyaeneza mafundisho hayo katika kitabu chake. Lakini Mech hakuishia hapo. Akaendelea kuwatazama mbwa-mwitu walio huru porini, akaona ya kuwa kundi lao kwa kawaida ni baba, mama, na watoto wao. Hapana mapinduzi ya kiti; wazazi huongoza kwa kuwa ni wazazi. Mwaka 1999 akaandika kuwa jina lile la mtawala halifai, kisha akaomba kitabu chake cha kwanza kisichapwe tena. Mwenye jina amelitupa. Lakini wanafunzi wa wanafunzi wake wangali wamelishika, na mbwa wangali wanakabwa shingo kwa ajili yake. Tena mbwa wa nyumbani si mbwa-mwitu, na wala mwenye nyumba si mbwa-mwitu. Mbwa avutaye kamba ataka kufika mbele, kwa kuwa mbele kuna harufu. Kila avutapo bwana hufuata, na harufu hupatikana. Aliyefundishwa hapo ni nani?

Wazee wetu walisema, mkono mtupu haulambwi. Neno hilo lina elimu yote ya jambo hili: mnyama hurudia lile lililompatia kitu, na huliacha lile lisilompatia. Hapana haja ya kutafuta kiburi.

Na tutoe mfano wa karibu. Katika mtaa wetu yupo mzee mmoja afugaye mbwa mwekundu, aliyekuwa akimfunga chini ya mwembe kando ya njia iendayo shule. Mbwa aliruka na kubweka kwa ghadhabu kila watoto walipopita, na mara mbili alirarua nguo. Mzee akatujia. "Mwalimu," akasema, "mbwa huyu ana chuki na watoto wa shule." Tukamjibu, "Mzee wangu, chuki hiyo hatujaiona, tuonyeshe." Tukakaa naye barazani asubuhi tatu na jioni tatu, twaandika katika karatasi.

Yaliyoandikwa ni haya. Wanawake wenye ndoo walipita, mbwa hakuinua kichwa. Mwenye baiskeli alipita, aliinua kichwa akakilaza tena. Watoto walipotoka upande wa kisimani, alitazama tu. Walipotoka upande wa juu, kwenye kokoto, aliondoka mara moja, akarudi nyuma mpaka mnyororo ukamkaza shingo. Na alipoona hawezi kurudi tena, ndipo akaruka mbele na kubweka. Siku ya pili tuliona sababu: kijana mmoja aliokota kokoto pale juu, akaitupa; na wenzake wakacheka. Siku ya tatu vijana wawili. Mnyororo ulikuwa mfupi, hatua mbili. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Je, hiyo ni chuki? Mtu ye yote aliyefungwa mguu chini ya mwembe, akatupiwa mawe asubuhi na jioni, asingeruka?

Tulinena na vijana wale shuleni, nalo ni jambo la upande mmoja tu. Mzee naye akamhamisha mbwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, aonapo njia kwa mbali. Na mjukuu wake akapewa kazi ya kumrushia donge la ugali na dagaa kila watoto walipopita. Siku za kwanza mbwa hakula, alisimama tu akitetemeka. Baada ya juma moja alikula. Baada ya majuma sita sauti za watoto zikisikika, yeye humtazama mjukuu. Hatusemi amepona kabisa; yupo mtoto mmoja atembeaye kwa fimbo, na mbwa akimwona huyo angali anaondoka na kusimama. Lakini hajarua nguo ya mtu tena. Nasi hatukuponya chuki yo yote, kwa kuwa hatukuikuta. Tulibadili mahali pa mnyororo.

Majina mengine tutayapita upesi. Mbwa akojoaye bwana wake amwinamiapo huitwa mwenye dharau. Kumbe mbwa wadogo na mbwa waoga hufanya hivyo kujinyenyekeza, na ukimgombeza atakojoa zaidi. Mbwa mzee aliyekuwa mpole miaka yote, naye leo amemng'ata bibi aliyemgusa kichwa, huambiwa amegeuka. Fungueni sikio lake mlitazame, mtazame meno yake, mtazame nyonga zake, maana maumivu hung'ata. Na mbwa wa vijijini mwetu huambiwa ni mbwa shenzi, basi hafundishiki. Jina hilo walilipenda sana walowezi wa Kenya siku za ukoloni, kwa mbwa ye yote asiyetoka kwao. Wao wamekwenda zao, nasi tumebaki nalo kama kofia iliyosahauliwa na mgeni. Mbaazi akikosa maua husingizia jua.

Lakini kuunguruma tusikupite upesi. Mbwa aungurumaye amesema. Amesema, "Usisogee, siwezi zaidi." Ni ukarimu mkubwa, maana angeweza kuuma pasipo kusema. Lakini mwenyewe husikia ngurumo akasema, "Ana jeuri huyu, amngurumia mtoto!" akampiga kibao. Akiunguruma mara ya pili, kibao. Mara ya tatu mbwa hangurumi. Bwana hufurahi, husema jeuri imekwisha. Hofu haikwisha hata kidogo. Kilichokwisha ni kengele yake. Siku ya nne mtoto amkumbatia mbwa akiwa anakula, naye auma usoni, kimya. Hapo mbwa hupewa jina jipya: mnafiki, auma bila kuonya. Wallahi twashangaa jinsi tulivyo wepesi wa majina! Tulimkataza kuonya, kisha twamlaumu hakuonya. Ngurumo ikisikika, la kufanya ni kumwondoa mtoto kwa utulivu, kisha kuuliza: alikuwa anakula? alikuwa amelala? alikuwa amebanwa pembeni? Jibu liandikwe, na mtoto afundishwe kumwacha mbwa saa hiyo.

Twajua watakaotujibu. Watasema, "Ninyi walimu mwamfanya mbwa kuwa kama saa ya ukutani, hana moyo wala maumivu." Sivyo. Charles Darwin aliandika mwaka 1872 kitabu kizima juu ya jinsi wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao, na mbwa ana sehemu kubwa humo. Wala hatuna haja ya kumpinga. Mbwa ahisi hofu, ahisi maumivu, na furaha yake twaiona sote aendapo kumlaki bwana wake. Tofauti ni hii: hofu ina mwili. Twauona mkia, twayaona masikio, twauona mwili ukirudi nyuma na kutetemeka. Tena hofu hutuambia la kufanya, yaani kutafuta kitishacho na kukiweka mbali. Lakini kisasi chahitaji mengi mno. Mbwa yampasa akumbuke tendo lako la jana, alihukumu kuwa ovu, ayaweke moyoni, angoje utoke, achague kiatu kilicho cha thamani kwako, na ajue ya kuwa utahuzunika ukikiona. Wapo watu wazima tunaowajua wasioweza kupanga hivyo. Na hata neno hofu twasema liandikwe mwisho, baada ya mkia na masikio, wala lisiandikwe kwanza. Maana likiandikwa kwanza, mwandishi haoni tena mkia.

Sisi tulio darasani twalijua neno hili kwa njia nyingine. Mara ngapi mtoto wa dawati la nyuma ameitwa mvivu mwaka mzima, hata mtu mmoja alipomwuliza, "Pale ubaoni pameandikwa nini?" akajibu kuwa haoni ubao? Jina la mvivu lilikuwa limeandikwa kitabuni kwa wino mzuri, likapita toka mwalimu hata mwalimu, wala hapana aliyemsogeza dawati la mbele.

Yafaa sasa tunene habari iliyotufanya tushike kalamu, nayo ni kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka, aghalabu Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama washukiwao, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Kinga ipo, wala si mpya: Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister huko Paris mwezi wa Julai mwaka 1885, naye akaishi. Kwa nini basi watoto wangali wanakufa? Umaskini umo, na umbali wa hospitali umo, na dawa kupungukiwa imo. Lakini majina nayo yamo, nasi twasema hivyo pasipo kusita.

Tazameni jina lenyewe, kichaa. Kila mtu humngoja mbwa akimbie barabarani, mate yakimtoka, akiuma miti na watu. Wapo wagonjwa wa namna hiyo. Lakini wapo wengine wasiokimbia hata kidogo. Mbwa hujitenga gizani, hali chakula, sauti yake hubadilika, taya hulegea na kuning'inia, mate hudondoka, miguu hupooza. Huyo hana dalili ya wazimu machoni petu. Basi twampa jina la huruma. "Ana huzuni, mwenziwe amekufa." "Amekwamwa na mfupa kooni." Na mtu mwema, kwa moyo mwema, huingiza mkono kinywani autoe mfupa usiokuwamo. Au mtoto humpapasa kumfariji, akakwaruzwa kwa jino, kidonda kidogo kama cha mwiba. "Hakukusudia," wasema wazazi, "ni mpole huyu." Majuma hupita, pengine miezi, na kidonda kimekwisha sahauliwa.

Na upande wa pili, mbwa aliyebadilika ghafla akamwuma mtoto asiyemchokoza huitwa mwenye kisasi: "Mtoto yule alimtupia jiwe mwaka jana." Sababu imepatikana, watu wametosheka, mtoto hapelekwi hospitali. Kisasi hakihitaji sindano.

Ikitokea mtu ameumwa, au amekwaruzwa, au mate ya mbwa yameingia katika kidonda, lisitafutwe jina. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo, muda wa dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Mbwa, ikiwezekana pasipo hatari, afungiwe mahali asipogusana na mtu, atazamwe siku 10. Na akifa, habari ipelekwe pia. Wala wasitokee watu wa kusema dawa ni kuwalisha sumu mbwa wote wa mtaani kwa kuwa ni mbwa koko. Hilo limejaribiwa katika nchi nyingi, na ugonjwa haukukoma, maana hufa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao hujazwa na wengine. Kilichokomesha ugonjwa mahali ulipokoma ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Mbwa koko naye ni mmoja katika hao 70.

Mwisho, tumeulizwa na wazazi jinsi ya kumwandikia bwana mifugo. Mara nyingi karatasi impatayo yasema hivi: "Mbwa wa jirani amekuwa mbaya sana, tafadhali njoo." Hapo yeye ajue nini? Kuna mbwa mia walio wabaya katika tarafa yake, naye ana pikipiki moja. Andikeni hivi badala yake: "Mbwa dume, mwekundu, umri kama miaka 4, hakuchanjwa mwaka huu. Tangu juzi hali wala hanywi. Jana saa kumi jioni alimwuma mtoto wa miaka 7 mkono wa kulia. Mtoto alikuwa akipita, hakumgusa. Taya lake laning'inia, mate yamtoka. Leo amefungiwa banda la mbuzi, mbuzi wametolewa. Mtoto ameoshwa kwa sabuni, yuko njiani kwenda hospitali na mama yake." Karatasi hii ni ndefu kuliko ile kwa mistari michache tu, na aipokeaye amekwisha jua aanzie nyumba ipi, na achukue nini mkobani, kabla hajaipiga teke pikipiki yake.